Ya Kwanza Haihesabiwi

Mwalimu wa kompyuta aliyenifundisha Nachingwea alikuwa na sentensi moja aliyoipenda kuliko wake zake wawili, na wenyewe walilijua hilo. Sentensi ni hii: "Ya kwanza haihesabiwi." Aliisema juu ya chai, juu ya pikipiki, juu ya ndoa na juu ya programu tulizoandika. Niliisikia mara nyingi mpaka nikaizoea kama kelele za feni. Kisha nikafanya kosa Ruangwa, kosa langu la kwanza la kweli, ng'ombe wa mtu wakafa, na kwa miezi minane nikawa natamani kitu kimoja tu: Mwalimu aiseme sentensi yake juu yangu.

Alizaliwa wapi, na kama babu yake alitokea Masasi au ng'ambo ya Ruvuma, sijui na sikuwahi kuuliza. Nilimkuta tayari ana kipara, na suruali ya kaki aliyoipandisha mpaka karibu na kwapa, na saa ya michezo ya kubonyeza ikining'inia shingoni. Alikuwa amestaafu kufundisha hesabu sekondari, akakodi chumba nyuma ya soko, akaingiza kompyuta sita. Mbili zilikuwa zinafanya kazi. Nyingine nne, alisema, zinapumzika, na mtu asizisumbue.

Hakutuita kwa majina. Alituita kwa namba za viti, na viti alivihesabu kuanzia sifuri kwa sababu kompyuta nayo inahesabu hivyo. Mimi nilikaa kiti cha tano, kwa hiyo nikawa Namba Nne, na hadi leo nikisikia mtu sokoni anataja nne nageuka. Hata binti yake wa kwanza alimwita Sifuri. Mama wa yule binti, aliyekuwa anaishi Ruangwa baada ya kumchoka Mwalimu, akabaki anaitwa Mama Sifuri na mji mzima.

Sasa ile sentensi. Mwalimu aliamini kwamba duniani hakuna kitu kisichopimika, na kwamba watu wengi wanapima vibaya. Ukiiendesha programu mara ya kwanza, alituambia, mashine bado ina usingizi: inatafuta faili, inajinyoosha, inakohoa. Muda huo si wa programu, ni wa usingizi. Kwa hiyo unaiendesha mara sita. Unaandika nyakati zote sita ubaoni, unaichorea mstari ile ya kwanza, unazipanga tano zilizobaki kutoka ndogo hadi kubwa, unachukua ya katikati. Ule mstari wa kufuta alikuwa anauchora kwa mbwembwe, kuanzia bega, chaki ikilia kiiiii, huku sisi tukiitikia kwa pamoja: "Haihesabiwi!" Nadhani wengine walikuwa wanakuja darasani kwa ajili ya mstari huo tu.

Tatizo ni kwamba hakuishia kwenye kompyuta. Siku moja alitaka kujua bodaboda yupi wa stendi ana mwendo mzuri kufika kwenye maghala ya korosho. Akampanda wa kwanza, wakafika, Mwalimu akabonyeza saa, akamwambia ageuze warudi stendi waanze upya.

"Mzee, si tumeshafika?"

"Tumefika, lakini haihesabiwi. Injini ilikuwa baridi."

"Mzee unazingua. Mimi abiria wangu akifika, amefika."

"Geuza, kijana. Bado tano."

Aliwafanyia hivyo madereva wanne, akawalipa safari zote, akabandika matokeo kwenye nguzo ya stendi. Aliyekuwa wa mwisho hakumsalimia mwaka mzima. Ramadhani moja alipima misikiti miwili ya mjini, upi unamaliza tarawehe mapema, na akatoa matokeo hadharani, kwenye futari, mbele ya maimamu wote wawili. Aliyeshindwa alikasirika. Aliyeshinda alikasirika zaidi, kwa sababu kusifiwa kwamba unasalisha haraka si sifa. Mwalimu akashangaa kwa nini watu hawapendi takwimu.

Kuhusu ndoa alisema wazi kwamba ya Ruangwa ilikuwa ya kupasha mashine moto, na ya Nachingwea ndiyo iliyohesabika. Maneno hayo yalimfikia Mama Sifuri, kama yalivyokusudiwa. Akajibu mbele ya wateja wake wa vitumbua: "Mwambieni aje ayasemee hapa, mafuta yakiwa yamechemka." Mwalimu hakwenda. Lakini kila mwezi alimtumia mchele wa Sifuri, na mchele ulikuwa wa kula watu sita.

Na huyu mtu wa sekunde, mwenyewe alikuwa mzito hajapata kutokea. Aliandika kwa kidole kimoja, akikitafuta kila kibonyezo kana kwamba kimehama tangu jana. Alichelewa darasani kila siku, kisha akatulaumu kwa kuanza bila yeye. Kununua nyanya kulimchukua asubuhi nzima: aliinua moja, akaitazama, akailinganisha na kila nyanya ya fungu la pili, akaiweka, akainua nyingine. Wauza nyanya walimwona kwa mbali wakafunika meza. Nilimuuliza mara moja kwa nini anayependa mwendo hana mwendo.

"Mimi napima mwendo," akasema. "Nani kakuambia naupenda?"

Sikumwelewa. Nilidhani anajitetea.

Somo lake kubwa lilikuwa safu. Safu, kwa asiyejua, ni masanduku yaliyopangwa mstarini ndani ya kompyuta, kila sanduku lina namba yake na kila sanduku lina kitu ndani. Swali aliloling'ang'ania miaka yote ni hili: ukiwa na safu mbili, njia ipi ya haraka ya kujua kama ni sawa? Kwa kuwa kompyuta nne zilikuwa zinapumzika na umeme nao ulipumzika ulivyotaka, alitufanya sisi kuwa masanduku. Tulitoka uani, kumi upande huu na kumi upande ule, kila mmoja ana namba kwenye karatasi kifuani, kuanzia ndogo hadi kubwa, wima, viatu kwenye mstari wa chokaa. Mwalimu aliwahi kuwa msimamizi wa gwaride la shule na mstari uliopinda ulimuuma moyoni. Mmoja wetu alipita katikati akilinganisha, Mwalimu akishika saa.

Kulikuwa na njia aliyoiita ya bibi: unamchukua wa kwanza huku, unamtafuta kwa kila mmoja kule, ukimpata unarudi unamchukua wa pili. Inachosha mpaka masanduku yanakaa chini. Kulikuwa na kuwapanga upya kwanza wa pande zote kisha kulinganisha. Halafu nikaja mimi na yangu. Kwanza nahesabu: wakizidi upande mmoja, basi, si sawa, kwaheri. Wakiwa idadi moja, naangalia wa kwanza na wa kwanza, wa pili na wa pili, na palepale ninapokuta wawili wasiofanana naacha kila kitu napiga kelele "Tofauti!" Sina haja ya kuwatazama waliobaki. Mara sita tulirudia, ya kwanza ikachorwa mstari, na ya katikati ikawa ndogo kuliko zote zilizowahi kuandikwa kwenye ubao ule.

Mwalimu aliivua saa shingoni akanivika mimi. Sijawahi kupewa kitu kwa heshima namna ile, si kwenye mahafali, si siku ya harusi yangu.

Saa hiyo ndiyo niliyoitundika ukutani nilipofungua steshenari yangu Ruangwa, karibu na stendi ya magari ya Lindi. Nachapa barua, natoa kopi, nasaidia watu kujaza fomu za mtandaoni, na ile programu ya safu niliihifadhi kwenye kompyuta yangu kama watu wanavyohifadhi cheti. Mtu akija na orodha mbili za mahudhurio au za wanakikundi, namlinganishia bure, nijionyeshe.

Ndipo ikaja kesi ya Mama Kabula. Yeye ni mfugaji, mjane, amehamia huku na watoto wake kutoka kanda ya ziwa, na makazi yao yako kijiji kimoja upande wa Likunja. Ng'ombe wake sitini na nne walikutwa kwenye shamba la ufuta. Kamati ya kijiji ikawafungia zizini. Kama ni wale waliosajiliwa kijijini, yangezungumzwa mambo ya ufuta na wangerudi nyumbani. Kama ni wageni walioingizwa kinyemela, wangebaki humo mpaka wakubwa waje waamue. Kila ng'ombe ana hereni ya plastiki sikioni yenye namba ndefu. Kabula, binti yake, aliingia zizini akazisoma zote akaziandika kwenye daftari. Kijiji kilikuwa na orodha yake ya usajili. Wakulima hawakuyaamini macho ya wafugaji, wafugaji hawakuyaamini macho ya wakulima, wakakubaliana juu ya kitu kimoja: kompyuta haina ukoo. Wakaniletea.

Nilizichapa orodha zote mbili, nikabonyeza. Sekunde haikutimia. TOFAUTI.

"Haraka hivi?" akauliza mwenyekiti wa kamati, mkulima mtu mzima mwenye kofia ya kufuma.

"Ndiyo kazi yake, baba," nikasema, na nikaitazama saa yangu ukutani. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mama Kabula alibaki amesimama mbele ya meza. "Mwanangu, iulize tena. Ng'ombe wangu nawajua."

Nikaiuliza tena. Nikaiuliza mara sita kabisa, kitaalamu, nikaiacha ile ya kwanza. Zote tofauti.

Ilikuwa Oktoba, na mnajua jua la Oktoba huku kabla mvua hazijaanza. Zizi halikuwa na kivuli wala maji, na ndoo za mama mmoja na watoto wake haziwezi kunywesha ng'ombe sitini na nne. Siku ya tatu nikampigia Mwalimu simu. Nataka niseme ukweli hapa: sikumpigia kwa wasiwasi. Nilimpigia nijisifu. Nilimweleza kesi nzima, namba ndefu, orodha mbili, watu wamejaa dukani, jibu chini ya sekunde.

Akauliza, "Iliishia mstari wa ngapi?"

"Mstari gani, Mwalimu?"

"Ilipoacha kusoma. Ilikuwa imefika wa ngapi?"

Nikaenda kuangalia. Ilikuwa imefika sifuri. Katika ng'ombe sitini na nne, programu yangu ilikuwa imemsoma mmoja. Nikamwambia. Nikamsikia akimwita mkewe amtafutie viatu.

Alifika asubuhi iliyofuata, na hakuchelewa. Tulikwenda moja kwa moja zizini kwa pikipiki mbili. Ndama wawili walikuwa wamekufa usiku ule, na ng'ombe mmoja mzee alikuwa amelala ubavu, anapumua kwa shida. Mwalimu akaomba daftari la Kabula na orodha ya kijiji. Akazitazama, akamuuliza Mama Kabula, "Dada, daftari hili limepangwaje?"

"Limepangwa kama walivyo," akasema yeye, akishangaa swali. "Huyu ndiye mama. Chini yake binti zake. Chini ya kila binti, watoto wake. Kisha mama wa pili na wake. Unawapangaje vingine?"

Orodha ya kijiji ilipangwa kwa namba, ndogo hadi kubwa, viatu kwenye chokaa. Yule ng'ombe mzee, mama wa kwanza, hereni yake ilikatika mwaka jana akavalishwa mpya, kwa hiyo namba yake ilikuwa kubwa kuliko zote. Kwa Mama Kabula alikuwa wa kwanza, kwa kijiji alikuwa wa mwisho. Programu yangu ilimtazama yeye, ikatazama aliye juu ya orodha ya kijiji, ikasema hawafanani, ikaenda kulala.

Mwalimu akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akaanza njia ya bibi. Alisoma namba moja kutoka daftarini, tarakimu kwa tarakimu. Mwenyekiti akaitafuta kwenye orodha ya kijiji mpaka akaipata, akaitia tiki. Mama Kabula akamwonyesha kwa fimbo mwenye namba hiyo na kumtaja: mweusi wa paji, mwenye pembe iliyoinama, yule wa madoa aliyezaliwa njiani. Mwalimu hakumruka hata mmoja. Watu waliokuja kushuhudia ugomvi walijikuta wanafuata vizazi, wakulima wakaanza kubishana kwamba huyu kweli anafanana na mama yake, tazama miguu. Jua lilipanda likatukuta palepale. Nilijua tu kwamba imechukua muda mrefu. Hakuna aliyepima.

Wote sitini na nne walikuwamo kwenye orodha, pamoja na wale ndama wawili waliokufa.

Mwenyekiti akavua kofia. Akamwambia Mama Kabula, "Dada yangu, fungua mlango, uwatoe. Ya ufuta tutakuja nyumbani kwako kuongea." Ng'ombe wakatoka. Yule mama wa kwanza hakunyanyuka. Alikufa kabla ya adhuhuri, na Kabula akamkata hereni akaifunga kwenye pindo la kanga.

Mama Kabula hakunitukana. Ingekuwa nafuu. Alinikuta nimejiegemeza kwenye pikipiki, akasema, "Mashine yako imemtazama mama mmoja tu, mwanangu, ikaukataa ukoo mzima." Kisha akaondoka nyuma ya ng'ombe wake.

Mwalimu naye alipanda pikipiki yake akaondoka. Niliambiwa baadaye kwamba alipitia kwa Mama Sifuri, akala vitumbua, na mafuta hayakummwagikia. Nachingwea alirudi jioni.

Kisha ikaja ile miezi minane. Niliiandika upya programu, sasa inapanga orodha zote mbili kwanza, ndipo inalinganisha, na inasoma wote. Ni nzito. Nilimpelekea Mama Kabula unga na sukari, akapokea, akanipa maziwa, hatukuongea mengi. Usingizi haukuja vizuri. Na kila nilipokumbuka lile zizi nilikuwa najisemea: lilikuwa kosa la kwanza. La kwanza. Mwalimu mwenyewe atasema. Nilijua hata atakavyolisema, atakavyoishusha chaki kutoka begani, na mimi nitalia kidogo, yatakwisha.

Nikaivua saa ukutani nikaenda Nachingwea.

Nilimkuta uani nyuma ya soko, suruali imezidi kupanda. Masanduku kumi upande huu, kumi upande ule, watoto wapya, namba vifuani. Lakini mstari wa kushoto ulikuwa vurugu tupu: tisa karibu na mbili, saba nyuma ya tano, viatu nje ya chokaa. Wengine walikuwa wanacheka.

"Changanyikeni zaidi!" alikuwa anapiga kelele. "Wewe Namba Sita, kwa nini uko karibu na saba? Nani kakuambia saba ni ndugu yako? Ondoka hapo!"

Nilimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Namba Nne. Umenenepa."

Nikamnyooshea ile saa. Nikasema nimekuja kuirudisha, kwa sababu njia iliyonipatia zawadi ndiyo iliyoua. Aliigeuzageuza kwenye kiganja, akakipitisha kidole gumba juu ya kibonyezo.

"Zawadi nilitoa mimi," akasema. "Na mistari niliipanga mimi. Miaka yote ile, ndogo hadi kubwa. Sikuwahi kuwachanganya hata siku moja, kwa sababu ilikuwa inapendeza." Akanirudishia. "Kaa nayo. Lakini usiibonyeze mpaka wote wasomwe."

Nikakusanya pumzi. "Mwalimu, lakini ile ya Ruangwa. Ilikuwa ya kwanza."

Nilidhani atacheka. Wale watoto walishapata harufu ya sentensi, wakaingia darasani mbio kabla yetu, wakajipanga mbele ya ubao tayari kuitikia. Mwalimu akaingia polepole, akachukua chaki, akaandika kwa mwandiko wake wa shule: *Ruangwa. Mara ya kwanza. Ng'ombe mmoja, ndama wawili.* Chini yake akaandika kiti changu, *Nne*. Akafikiri. Pembeni yake akaandika *na Mwalimu*.

Kisha mkono ukapanda mpaka begani, na watoto wote wakavuta pumzi, na mimi nikavuta.

Mkono ulikaa pale juu kitambo. Halafu ukashuka bila kugusa ubao. Akaiweka chaki kwenye ukingo, akajipangusa vumbi kwenye suruali, akawaambia watoto watoke nje, wakajipange upya, na wachanganyike vizuri.